Matairi Yaliyozeeshwa Manyovu

Kasulu, Jumapili 4 Oktoba 1992

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha leo baada ya misa. Imekata ghafla, ikaacha barabara ya sokoni nyekundu na laini kama ugali wa mtama. Mhariri kule Dar es Salaam anataka kila wiki habari ya vyama vingi. Watu wa hapa wanazungumza bei ya maharage na mbio za magari.

Nazieleza hizo mbio hapa mara moja, nisirudie. Kamati ya wafanyabiashara wa Kibondo na Kasulu imetangaza kuwa zitafanyika Jumamosi ya kwanza ya Januari. Magari yataondoka Kibondo na kuja Kasulu kwa barabara ya kila siku, katikati ya malori, baiskeli na ng'ombe, kwa muda uliopangwa. Anayewahi anakatwa alama, na anayechelewa anakatwa. Yakifika hapa yanaingia uwanja wa ndege, ambako mapipa yatapangwa, na kila gari linazunguka peke yake kwa kasi yote aliyo nayo dereva. Sharti linalowaumiza wengi vichwa ni la matairi: yatakayotembea barabarani ndiyo yatakayokimbia uwanjani. Hakuna kubadilisha.

Jioni alikuja Marcel Ndayikeza na Celica yake. Ni gari la michezo, milango miwili, jekundu, lililoachwa na mhandisi mmoja mgeni mkataba wake ulipokwisha. Liko chini mno. Kuku akitaka kupita chini yake anainamisha kichwa. Marcel huliendesha siku zote, kwenda dukani kwake, Buhigwe kununua maharage, hata mazikoni.

Hakukaa. Alisimama mlangoni kofia mkononi.

"Kaka Makarius, nina ombi. Namtaka Winnie akae kushoto kwangu."

Msomaji ramani, yaani. Yule anayekaa kando ya dereva akimwambia kona ijayo ikoje. Binti yangu Winifrida alikuwa jikoni, na kelele za sufuria zilinyamaza papo hapo.

"Huyo ana miaka kumi na tisa," nikasema.

"Na macho yake yana miaka kumi na tisa pia. Ya kwangu yana arobaini na mbili."

"Hapana."

"Mwandishi, sema sharti. Mtu kama wewe hasemi hapana bila kuwa na sharti mfukoni."

Nilikuwa nalo. Nilimwambia gari linagusa ardhi mahali panne tu, na kila mahali ni padogo kama kiganja. Kama binti yangu atakaa humo, matairi nitayachagua mimi, na yatakayochaguliwa ndiyo yatakayokimbia. Akanyoosha mkono. Nikaushika. Winnie akatoka jikoni akamwita "baba mdogo wangu" na kumkumbatia, kisha akakumbuka kunikumbatia na mimi.

Jumatatu 5 Oktoba

Mvua. Betri za redio zimekwisha, dukani hakuna.

Jumapili 11 Oktoba

Mke wangu Josephina ameniuliza kwa nini namwamini Marcel. Yeye ni mwalimu, hupenda sababu. Nimempa yangu: tangu nihamishiwe Kasulu, Marcel amenipa habari nyingi, za magendo, za mapori yanayochomwa, za diwani aliyekula mabati ya shule, na hakuna hata moja niliyolazimika kuikanusha. Alikuja nchini kijana wa miaka ishirini na mbili, mwaka sabini na mbili, na nguo alizovaa. Leo ni raia, ana duka na ghala. Mtu wa namna hiyo anajua neno lake lina thamani gani.

"Hiyo ni sababu ya kumwamini kwa habari," Josephina alisema. "Mtoto si habari."

Jumamosi 17 Oktoba

Tumejaribu gari njia ya Kabanga. Winnie kushoto, mimi nimejikunja nyuma magoti kidevuni. Matairi yaliyopo ni vipara kabisa. Kwenye utelezi baada ya mteremko gari lilikwenda upande kama kaa, Marcel akacheka, Winnie akasema kwa sauti ya kawaida, "Kulia inabana, jiwe kushoto," na jiwe lilikuwepo kweli. Nimemsikiliza njia nzima. Hapayuki, haogopi, hasemi neno la ziada. Nilifurahi, naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi 29 Oktoba

Daraja dogo la kuelekea Makere limekatika, malori yanavuka majini. Nimepeleka habari, mistari kumi na minne. Wamechapisha mitatu.

Jumatatu 9 Novemba

Winnie amejaza chumba chake karatasi za kona. Kibondo hadi hapa, kila kilima, kila daraja, amekwenda mara mbili na lori la Marcel kuziandika. Mama yake anasema angesoma hivyo kidato cha nne tusingelazimika kuombea matokeo.

Jumamosi 21 Novemba

Manyovu. Tumeondoka asubuhi, mimi na Marcel, na ukungu umelala mabondeni.

Jambo la matairi lina utaratibu wake hapa, na mgeni hawezi kuuelewa bila kuuona. Tairi jipya likivuka mpaka likiwa mgongoni mwa gari linalipiwa ushuru. Likivuka likiwa limevaliwa na gari, halilipiwi, ila lionekane la zamani. Kwa hiyo watu huvuka na vipara, hufungiwa mapya ng'ambo, na kabla ya kurudi mapya hayo "huzeeshwa". Kazi hiyo ndiyo inayompa mkate Hatungimana, mwenye uwanja wa matairi hatua chache baada ya kizuizi cha Burundi. Nimewahi kuandika habari za magendo ya Manyovu. Leo nilikuwa ndani ya magendo hayo.

Hatungimana ni mnene, mcheshi, anavaa koti la suti juu ya ndara. Alimsalimu Marcel kwa Kirundi, kisha akanigeukia kwa Kiswahili.

"Karibu, mzee wa gazeti. Leo unatuandika au unatununua?"

"Ninachagua."

"Eeh! Basi huyo ni hatari kuliko mwandishi."

Alitutolea aina tatu. La kwanza lilikuwa jembamba, gumu, lenye kashata, yale meno ya tairi, ndefu zilizoachana, la kuchimba tope. Barabarani wakati huu wa mvua lingekuwa mfalme. Uwanjani, ambako moramu, udongo wa changarawe, imeshindiliwa na ndege, lingesimama juu ya vidole vyake na kuteleza. La pili lilikuwa pana, laini, kashata fupi, karibu uso mtupu. Hilo lingeng'ang'ania uwanja, lakini kwenye maji ya Makere lingeelea kama sahani. La tatu lilikuwa la katikati: kashata za kati zimeshikana kwa ajili ya kasi, za pembeni ziko wazi zitupe tope nje. Nilibonyeza kwa ukucha. Ukucha uliingia, ukaacha alama, alama ikarudi polepole. Mpira laini.

"Hili," nikasema.

Marcel aliligeuza mara mbili. "Linashika, sikatai. Lakini laini namna hii linaliwa, mwandishi. Mbio zile zikimalizika utakuwa umebaki na nusu ya tairi."

"Mbio ndizo tunazozinunulia."

"Na Jumatatu yake nitaendesha nini?"

"Utaendesha nusu ya tairi, na Winnie atakuwa mzima."

Akasema "Ego," ndiyo ya kwao, akampa Hatungimana ishara. Nimeandika mazungumzo haya neno kwa neno kwa mazoea tu.

Yalipofungwa, kazi ya kuzeesha ikaanza. Tairi jipya huwa na vinywele vya mpira, vile vinavyotoka kiwandani. Askari wa forodha huvitafuta hivyo kwanza. Vijana wawili walivinyoa vyote kwa wembe. Marcel akaendesha gari mizunguko kadhaa juu ya kokoto ili uso uchubuke. Mwisho wakayapaka tope na majivu, wakayafuta kwa gunia. Hatungimana alisimama kando mikono nyuma kama mkunga.

"Kwingine wanazaa watoto," alisema. "Hapa kwangu wanazaliwa wazee."

Nilicheka. Hata mimi, niliyeyaona yakitoka kwenye karatasi, nilipoyaangalia sasa sikuweza kuapa kuwa ni mapya.

"Na vile vipara?" nikauliza.

"Nitavituma kwa baiskeli," Hatungimana alisema.

"Kuna fundi wa katambuga Buhigwe," akadakia Marcel. "Atavigeuza viatu."

Kizuizini askari aliinama, akayatazama, akapitisha kidole mahali vinywele vilipokuwa, akatupungia mkono.

Jumapili 22 Novemba

Sikulala vizuri kwa ajili ya yale matairi. Kazi yangu imenifundisha kuwa kitu ambacho siwezi kukitambua tena sina haki ya kukishuhudia. Yamefanywa yafanane na matairi yoyote ya zamani. Nitajuaje Januari kwamba ni haya?

Baada ya kifungua kinywa nimemwomba Winnie rangi yake ya kucha. Ana chupa mpya, nyekundu, aliyoletewa na shangazi yake kutoka Mwanza.

"Baba, unakwenda harusini?"

Nilimweleza, yeye peke yake. Tukaenda kwa Marcel akiwa kanisani. Nililala chali chini ya Celica, na Winnie akanishikia chupa. Kila tairi nimelitia tone moja upande wa ndani, ule unaotazama uvungu, karibu na namba ya ukubwa. Tairi la akiba pia. Mtu hawezi kuliona bila kulala chini na kujua anatafuta nini.

"Humwamini baba mdogo?" aliuliza tukirudi.

"Namwamini. Hili ni kwa ajili ya macho yangu."

Alifunga chupa, akaitia mfukoni.

Jumanne 24 Novemba

Mkutano wa hadhara wa chama kipya uwanja wa shule. Watu sitini, mvua ikaja, wakabaki tisa na kipaza sauti.

Jumapili 29 Novemba

Gari na matairi mapya njia ya Kabanga. Kwenye mteremko ule ule halikuyumba hata kidogo. Marcel alikuwa kimya njia nzima. Nilidhani ni heshima.

Jumanne 8 Desemba

Habari yangu imetoka, ukurasa wa michezo, bila kukatwa. Kichwa cha habari: "Ndayikeza aja na matairi mapya." Nimeandika ninachokijua: aina, mpira laini, kashata za kati na za pembeni, na kwamba mwandishi ameyaona kwa macho yake. Marcel amenunua nakala nne na kubandika moja dukani, juu ya mizani.

Jumatano 16 Desemba

Celica haionekani mjini tangu juzi. Marcel anasema breki zinatengenezwa ghalani kwake. Winnie anakwenda kusaidia, anarudi na grisi mpaka kwenye viwiko.

Jumamosi 19 Desemba

Mvua siku nzima. Josephina, akipanga chumba cha Winnie: "Rangi hii inakwenda kama maji, na wala sijamwona na kucha nyekundu." Nikamwambia vijana siku hizi wanapaka leo wanafuta kesho.

Ijumaa 25 Desemba

Noeli. Marcel na familia yake wamekula kwetu. Alikata mbuzi yeye mwenyewe, akaimba, akamwambia Josephina:

"Mama Winnie, Januari nakurudishia binti na kikombe."

"Rudisha binti. Vikombe ninavyo kabatini."

Wote tukacheka. Winnie alicheka kwa kuchelewa, na alikula kidogo. Nikaona ni hofu ya mbio, na nikaona ni vema awe nayo.

Alhamisi 31 Desemba

Kabla hawajaondoka kwenda Kibondo nimetandika gunia, nikalala chini ya gari. Tone, tone, tone, tone. La akiba nalo. Matairi yamechakaa kidogo, tope limekauka kwenye mifereji, lakini hivyo ndivyo yalivyotoka Manyovu. Kashata bado ndefu. Nilipotoka uvunguni Winnie alikuwa amesimama mbele yangu akiwa ameshika karatasi zake kwa mikono yote miwili.

"Yapo?" akauliza.

"Yapo."

Marcel alinipangusa vumbi mgongoni. "Umeridhika, mwandishi?"

Nikasema nimeridhika.

Jumapili 3 Januari 1993

Naandika mambo ya jana kwa utaratibu yalivyotokea.

Uwanja wa ndege ulijaa tangu asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na kuacha jua kali. Moramu ilikuwa imekauka juu, ngumu. Kamati ilikuwa imepanga mapipa manane. Nilisimama karibu na pipa la mwisho, ambako magari yanatoka kwenye mnyooko mrefu na kukunja kushoto.

Celica ilifika kutoka Kibondo kwa muda kamili, haikukatwa alama. Tharsisi, mkaguzi wa kamati, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinijia na kunipa mkono.

"Hongera. Gari la kwenu lilikuwa la kwanza kupita ukaguzi jana."

"Uliyaangalia matairi?"

"Niliyaangalia. Nikaona yamechubuka, nikasita. Ndugu Marcel akanionyesha gazeti. Nikaona jina lako, nikasema basi, hapa sina la kuuliza."

Nikamshukuru, nikarudi kwenye pipa langu.

Zamu yao ilipofika nilisikia injini kabla ya kuliona gari. Walizunguka mapipa saba vizuri sana. Kupitia kioo nilimwona Winnie, kichwa kimeinama kwenye karatasi, midomo ikisema. Kwenye mnyooko wa mwisho Marcel alifungulia yote. Mlio haukuwa kama wa risasi, ingawa ndivyo watu wanavyosimulia leo. Ulikuwa kama mtu anayepasua shuka kubwa. Ngozi ya tairi la nyuma kulia ilibanduka ikaruka juu. Gari likaenda kwa ubavu, likapiga pipa, likabiringika mara moja na kusimama kwa magurudumu yake, upande wa kushoto umekunjamana.

Nilikimbia. Marcel alitoka mwenyewe. Winnie alikuwa macho, uso umejaa vumbi, mkono wa kushoto umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Alisema, "Baba, usinivute." Sikumvuta. Tuliondoa kiti, tukamlaza kwenye mlango wa pikapu, tukampeleka hospitali ya Kabanga. Mfupa wa mkono umevunjika mara mbili, mbavu mbili zina ufa. Daktari anasema ataishi na atapona. Mama yake amebaki naye.

Nikarudi uwanjani, kwa sababu ndipo tairi lilipokuwa.

Nililikuta kwenye nyasi. Ngozi iliyobanduka ilikuwa imekunjamana kama gamba. Nikaifungua. Chini ya kila mfereji kulikuwa na mkato wa kisu cha moto, wima, safi, ule ambao kiwanda hakiufanyi. Tairi lilikuwa limekwisha zamani, kisha likachongwa mifereji upya ndani ya nyama yake mpaka kufikia nyuzi. Nyuzi zenyewe nilizishika. Kwa mwendo wa sokoni tairi la namna hiyo linaweza kudumu hata miezi. Kwa mwendo wa mnyooko ule siku zake zilikuwa zimehesabiwa tayari.

Nikaligeuza upande wa ndani. Karibu na namba, tone jekundu.

Kwa muda niliamini nimepumbazwa Manyovu, kwamba Hatungimana alituuzia yaliyochongwa tangu mwanzo. Lakini nilikuwepo. Niliyaona yakivuliwa karatasi, na nilivishika vile vinywele kabla ya wembe. Nikaangalia ukubwa na jina, ambavyo Desemba sikuvisoma kwa kutafuta tone tu: ni yale ya zamani ya Marcel. Vile vipara. Vilirudi kwa baiskeli kama alivyosema Hatungimana, ila havikufika Buhigwe kwa fundi wa katambuga.

Nilimkuta Marcel dukani, bandeji kwenye paji la uso, amekaa chini ya gazeti langu. Sikupiga kelele. Nilimuuliza yako wapi.

Alinyanyuka, akachukua ufunguo. "Njoo."

Ghalani, nyuma ya magunia ya maharage, yalikuwa matano, yamefunikwa kwa turubai kama wagonjwa.

"Hayajaliwa," alisema. Naapa kulikuwa na fahari katika sauti yake. "Nina mnunuzi wa gari, Kigoma mjini. Tulikubaliana tangu Novemba. Sharti lake ni matairi mapya. Wewe ulikuwa umenichagulia tairi la kuliwa siku moja. Ningempa nini?"

"Ulinishika mkono."

"Nilikushika. Kisha nikafikiri. Barabarani yalikuwa mazima, mwandishi! Kibondo mpaka hapa hayakulia hata mara moja. Ule mnyooko tu. Mimi si muuaji. Na mimi nilikuwa ndani."

"Wewe ulijua umekalia nini."

Nilipiga magoti, nikayageuza yale mapya moja moja. Kila moja lilikuwa na tone langu jekundu, mahali pale pale nilipolitia. Basi yako matano yenye matone ya kwangu, na yapo matano mengine yenye matone ya mtu mwingine, mahali hapo hapo, karibu na namba, ya rangi hiyo hiyo.

"Nani alipaka yale ya gari?"

Marcel alifunika turubai vizuri, akanyoosha pembe zake.

"Mimi hata sikujua kama kuna alama," alisema. "Niliambiwa. Kaulize nyumbani kwako."

Jumanne 5 Januari

Kabanga. Josephina alitoka kwenda kuchemsha uji. Nilikaa kwenye kiti chake.

"Nani alipaka?"

Winnie aliangalia dari. Nilitegemea atauliza "kupaka nini," na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hakuuliza.

"Mimi."

"Lini?"

"Wiki ile ya breki. Nilipaka, nikafuta, nikapaka tena, mpaka yakafanana na yako. Hakukuwa na breki. Baba mdogo aliniambia gari limeuzwa, mapya hayawezi kukimbia. Akasema aidha tunakimbia na yaliyochongwa, au hatukimbii. Nikamwambia baba atalala chini ya gari, atatafuta alama."

"Kwa hiyo ulimwambia wewe."

"Nilimwambia mimi."

"Ulijua yamechongwa mpaka wapi?"

"Alisema mara moja, juu juu. Alisema madereva wa malori wote wanafanya." Alivuta pumzi fupi, kwa sababu ya mbavu. "Ningekuambia, ungesema hapana."

"Ningesema hapana."

"Basi."

Alilisema neno hilo kama anavyosoma kona, bila la ziada. Nilikuwa nimemsifu kwa sauti hiyo hiyo mwezi wa kumi.

"Mpaka pipa la saba tulikuwa wa kwanza," akasema. "Tharsisi alimwambia mama."

Mama yake akaingia na uji.

Alhamisi 7 Januari

Nimerudia kusoma shajara hii tangu Oktoba kama ninavyosoma habari ya mwandishi mchanga. Kila kitu kimo. Marcel alinieleza kinywani mwake kwamba tairi litaliwa, akauliza ataendesha nini Jumatatu. Josephina alinionyesha chupa. Winnie aliniuliza "Yapo?" na hakuna mtu anayeuliza hivyo kitu anachojua kipo. Niliandika yote, na niliandika sawasawa.

Ijumaa 8 Januari

Marcel alikuja. Hakuingia. Kofia mkononi, kama siku ile.

"Kamati inakaa kesho. Watakuita."

"Nimeitwa."

"Ukisema yangu, itabidi niseme na ya Winnie. Kanuni haichagui. Aliyedanganya ukaguzi hapandi tena gari la mbio, awe dereva awe msomaji. Nakuambia kama ndugu."

"Huna haja ya kuyasema. Nitayasema yote mimi."

"Ni mwanao, Makarius."

"Ulilijua hilo Oktoba."

Jumamosi 9 Januari

Ofisi ya ushirika, wajumbe watano, Tharsisi akiandika. Nilieleza kuanzia Manyovu: ushuru tuliokwepa, wembe, majivu, matone, gazeti. Nilipofika kwenye matone ya pili Tharsisi aliinua kalamu.

"Mzee, hapo unaweza kusema hujui aliyeyapaka. Hakuna atakayekuuliza zaidi. Sisi sote tuna watoto."

"Najua aliyeyapaka."

"Sawa. Jina?"

Nikalitaja, lote, la ubatizo na la ukoo. Marcel alikuwa amekaa ukutani. Aliinamisha kichwa, na sikuona kama ni aibu au ni nafuu.

Wamefungiwa wote wawili maisha. Kombe limekwenda Kibondo.

Jumapili 10 Januari

Nilimwambia Winnie mimi mwenyewe, kabla hajaambiwa na mwingine. Aligeukia ukuta, upande unaouma.

Jumatano 13 Januari

Mhariri amechapisha mistari mitano. Gazeti la Desemba halijaondolewa dukani kwa Marcel. Nimepita nje tu, nimeliona.

Jumamosi 16 Januari

Nasikia mnunuzi wa Kigoma amekuja, akaliona gari, akanunua matairi tu. Yamepita hapa mchana juu ya pikapu, matano, safi.

Jumamosi 23 Januari

Winnie amerudi nyumbani juzi. Hatusemezani zaidi ya chumvi na maji. Karatasi za kona amezibandua ukutani, mama yake amewashia moto. Josephina sasa anajua yote. Hajaniambia nilikosea wala nilipatia. Ananipakulia chakula baada ya Winnie, zamani ilikuwa kinyume.

Leo nilikuwa kwenye taipureta, habari ya mbolea, Winnie alipokuja akasimama kando ya meza. Mkono wa kushoto kwenye plasta, vidole vitano vimechungulia. Mkono wa kulia umeshika ile chupa.

"Haifunguki kwa mkono mmoja," alisema.

Kizibo kilikuwa kimeganda. Nilikizungusha mpaka kikaachia, nikaiweka chupa mezani mbele yake. Ndani kumebaki rangi ya kucha mbili, labda tatu. Alivuta kigoda, akaweka plasta juu ya magoti, akaanza na kidole gumba. Chupa iliyumba kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuishika.

Sikuishika. Nilirudi kwenye mbolea. Mvua ilianza tena kabla sijamaliza ukurasa.